Haki ya Wapalestina haingoji dola

Palestina ni dola au si dola? Nafundisha sheria ya kimataifa, na kila nikifika kwenye mada ya utambuzi wa dola swali hili huja, mara nyingi kutoka kwa mwanafunzi aliyekwisha kuamua jibu analotaka kulisikia. Tangu vita vya Gaza vianze Oktoba 2023 naulizwa pia na ndugu, majirani, watu wa msikitini na wa kanisani. Naamini linaulizwa kinyumenyume. Ndani yake mna maswali mawili: je, Wapalestina ni watu wenye haki ya kujiamulia mustakabali wao? Na je, tayari wana dola? La kwanza limekwisha kujibiwa. La pili ndilo lenye ubishi, na ubishi huo umetumika miaka mingi kulifunika jibu la lile la kwanza.

Chanzo chake kinatugusa hata sisi Watanzania. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, makoloni ya Ujerumani na majimbo ya Kiarabu yaliyokuwa chini ya Waturuki yaliwekwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Ibara ya 22 ya mkataba wa shirika hilo iliweka madaraja. Tanganyika iliangukia daraja B, kwamba watu wake bado wako mbali na kujitawala. Palestina, pamoja na Iraki, Syria, Lebanoni na Transjordani, iliwekwa daraja A: jamii ambazo ziliweza kukubaliwa kwa muda kuwa mataifa huru, mdhamini akizishika mkono hadi zisimame zenyewe. Iraki ikawa huru 1932, Lebanoni 1943, Syria na Transjordani 1946. Tanganyika ya daraja B nayo ikapandisha bendera yake 1961. Katika kundi lile la daraja A, ni Palestina peke yake ambayo watu waliokuwa wengi humo hawakukabidhiwa nchi.

Hawakukabidhiwa kwa sababu Uingereza, mdhamini wa Palestina, ilikuwa imeahidi jambo jingine. Tarehe 2 Novemba 1917, waziri wake wa mambo ya nje, Arthur Balfour, aliandika barua ya kuunga mkono kuanzishwa kwa "makao ya kitaifa" ya Wayahudi huko Palestina, na ahadi hiyo ikaingizwa katika hati ya udhamini. Barua ile inawataja Wayahudi kwa jina. Waarabu haiwataji, inasema tu kwamba haki za kiraia na za kidini za jamii "zisizo za Kiyahudi" zisidhuriwe. Haki za kisiasa za jamii hizo hazimo. Sensa ya 1922 ilihesabu watu wapatao 757,000 katika Palestina, na kati yao Wayahudi walikuwa kama 84,000. Karibu watu tisa kati ya kumi, basi, waliandikwa kwa kile ambacho hawakuwa.

Wanaosoma historia hii kwa jicho moja huishia hapo, wakahitimisha kwamba Wayahudi walikuja tu kama wakoloni wengine wowote. Siwezi kukubali. Wayahudi wa Ulaya hawakuwa na nchi mama iliyowatuma. Walikuwa wanazikimbia nchi zilizowachinja. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi ya Afrika Mashariki, kwenye uwanda wa Uasin Gishu ambako leo upo mji wa Eldoret. Mpango huo uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa neno. Kongamano la Wazayuni la Basel lilivurugika kwa wazo hilo. Wajumbe kutoka Urusi, ambako mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev yalikuwa yametokea mwaka huohuo, walikuwa miongoni mwa waliolipinga kwa uchungu mkubwa, na mwaka 1905 likakataliwa kabisa. Watu waliokuwa hatarini zaidi walikataa kimbilio lisilo nchi ya mababu zao. Kwangu huo ni ushahidi kwamba uhusiano wao na ardhi ile haukubuniwa kwa ajili ya siasa. Kisha likaja la 1938, pale wawakilishi wa nchi 32 walipokutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi Wayahudi, na karibu wote wakaifunga milango. Wayahudi milioni sita wakauawa. Aliyeyaona hayo hana sababu ya kukabidhi uhai wa watoto wake kwa huruma ya mataifa mengine.

Kila upande uliwahi kujaribu kuufuta mwingine kwa hoja. Golda Meir, akiwa Waziri Mkuu wa Israeli mwaka 1969, alisema hapakuwa na kitu kinachoitwa Wapalestina. Mwaka mmoja kabla yake, Hati ya Taifa ya Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, ilidai kwamba Uyahudi ni dini tu na Wayahudi si taifa. Sheria haikuufuata upande wowote. Mikataba miwili ya haki za binadamu ya 1966 inafunguliwa kwa ibara moja inayofanana: watu wote wana haki ya kujiamulia. Haimwachii jirani yako kazi ya kukuthibitisha kuwa wewe ni watu.

Novemba 29, 1947, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 181 la kuigawa Palestina, kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Wayahudi, waliokuwa theluthi moja ya wakazi, walipangiwa zaidi kidogo ya nusu ya ardhi. Viongozi wao walikubali. Waarabu wakakataa, nami sioni watu gani wangepokea mgao wa namna ile bila kuulizwa. Vita vikafuata. Israeli ikatangazwa tarehe 14 Mei 1948, na vilipokwisha ilishika kiasi cha asilimia 78 ya nchi. Wapalestina zaidi ya laki saba walikuwa wamefukuzwa au kukimbia, na hawakuruhusiwa kurudi. Hiyo ndiyo Nakba, yaani "janga" kwa Kiarabu.

Sasa tuingie kwenye vigezo vya dola, maana hapa ndipo hoja nyingi hujikwaa. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja vinne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika mahusiano na dola nyingine. Wanaopinga udola wa Palestina husema mipaka yake haijulikani. Lakini Desemba 1948, Israeli ilipoomba uanachama wa Umoja wa Mataifa, hoja hiyohiyo ilitolewa dhidi yake, na mjumbe wa Marekani, Philip Jessup, akaijibu: sheria haidai mipaka iliyokamilika, na Marekani yenyewe ilipopata uhuru mipaka yake ilikuwa bado na utata. Alisema kweli. Mei 1949 Israeli ikapokelewa bila mpaka hata mmoja wenye mkataba wa amani. Kipimo kile hakiwezi kubadilika kwa sababu mwombaji amebadilika.

Kigezo cha serikali ni kigumu zaidi, wala sitaki kukipita haraka. Mamlaka ya Palestina inatawala vipande. Makubaliano ya Oslo, ya miaka ya 1990 kati ya Israeli na PLO, yaliugawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C, na eneo C, kiasi cha asilimia 60, liko chini ya Israeli moja kwa moja. Gaza iliangukia mikononi mwa Hamas 2007. Mwanafunzi makini atauliza: serikali isiyoshika ardhi yake ni serikali gani? Namjibu kwa mfano wa Kongo. Ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katika wiki mbili jeshi lake liliasi, askari wa Ubelgiji wakaingia, jimbo la Katanga likajitenga. Mwanzoni mwa Septemba Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walikuwa wamefukuzana kazi. Tarehe 20 Septemba, katikati ya vurugu hiyo, Kongo ikapokelewa Umoja wa Mataifa. Guinea-Bissau ilijitangazia uhuru 1973 Wareno wakiwa bado wameshika mji mkuu, na Baraza Kuu likaukaribisha uhuru huo na kuiita Ureno mvamizi. Pale ambapo haki ya kujitawala iko wazi, na kinachoizuia serikali kutawala ni nguvu isiyo halali ya mgeni, kigezo cha utawala kamili hulegezwa. Kikikazwa, mkaliaji atalipwa kwa kukalia: anazuia serikali isifanye kazi, kisha anaonyesha kwamba haifanyi kazi.

Barua zilizobadilishwana Septemba 9, 1993 zinaonyesha mizani ilivyokuwa. Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, alitambua haki ya Dola ya Israeli kuwepo kwa amani na usalama. Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israeli, kwa upande wake, aliitambua PLO kuwa mwakilishi wa watu wa Palestina. Upande mmoja ulipewa udola, mwingine mwakilishi wa mazungumzo. Hata hivyo barua ya Rabin ilikuwa na uzito ambao wengi hawakuuona siku ile. Mwaka 2004, katika maoni yake ya ushauri kuhusu ukuta ambao Israeli iliujenga katika Ukingo wa Magharibi, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitumia kusema kwamba kuwepo kwa watu wa Palestina si suala la kubishaniwa tena.

Mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi tarehe 19 Julai 2024. Kwa kura 11 dhidi ya 4 ilisema kuendelea kwa Israeli kuwepo katika maeneo ya Wapalestina iliyoyakalia tangu vita vya 1967 ni kinyume cha sheria, na kwamba lazima kukome haraka iwezekanavyo. Na kwamba Wapalestina wana haki ya kujiamulia isiyoweza kuwekwa chini ya masharti ya mkaliaji. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipinga. Alitaka usalama wa Israeli upewe uzito na mgogoro uachwe kwenye mazungumzo, na akagusia kanuni tunayoijua vizuri Afrika, ile ya kurithi mipaka ya mkoloni, ambayo kwa hoja hiyo ingeirithisha Israeli mipaka ya Palestina ya udhamini, iliyothibitishwa na wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo 1964. Nimesoma maoni yake kwa heshima. Usalama si kisingizio: Oktoba 7, 2023 Hamas na wenzake waliua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine 251, na hakuna haki ya kujiamulia inayohalalisha kumuua raia nyumbani kwake. Lakini hofu ya shambulio inahalalisha kulinda mpaka. Haihalalishi kuhamishia walowezi ng'ambo ya mpaka huo, wala haiwezi kuhalalisha maangamizi yaliyoikumba Gaza. Na kanuni ya mipaka iliwekwa ili watu wanaojitawala wasinyang'anyane ardhi. Sioni inavyoweza kuwanyima wakazi wa ardhi hiyo kujitawala kwenyewe.

Haki ya Wayahudi haipungui kwa hayo. Israeli ni dola, na itabaki dola bila Nablus wala Hebron, miji ya Ukingo wa Magharibi. Kinachonitia wasiwasi ni Sheria ya Msingi iliyopitishwa na Knesset, bunge la Israeli, 2018, inayosema haki ya kujiamulia kitaifa ndani ya Israeli ni ya Wayahudi peke yao, wakati raia mmoja kati ya watano ni Mwarabu.

Utambuzi umeongezeka. Aprili 2024 Marekani ilipiga kura ya turufu kuzuia uanachama kamili wa Palestina, ingawa wajumbe 12 wa Baraza la Usalama waliunga mkono. Mwezi uliofuata Baraza Kuu likaiongezea haki kwa kura 143 dhidi ya 9. Septemba 2025 Uingereza, ileile ya Balfour, ikaitambua, pamoja na Ufaransa, Kanada na Australia. Tanzania ilikwisha kufanya hivyo 1988, mara baada ya PLO kuitangaza dola ya Palestina mjini Algiers.

Kwa serikali zilizotambua, kazi iliyobaki iko zaidi maofisini kuliko majukwaani. Azimio 2334 la Baraza la Usalama, la Desemba 23, 2016, linazitaka nchi zitofautishe, katika shughuli zao, kati ya eneo la Israeli na maeneo yaliyokaliwa tangu 1967. Maana yake ni kwamba mkataba wowote wa biashara, kilimo au teknolojia na Israeli uandikwe wazi kuwa hauyahusu makazi ya walowezi, na ofisa wa forodha ajue tende zilizo mbele yake zimetoka upande upi wa mstari wa 1967.