Red Red Wine ya UB40 na zile dakika mbili zilizokatwa

Ukipanda matatu ya Njoro hapa Nakuru jioni, haitachukua muda kabla ya kuisikia Red Red Wine ya UB40, bendi ya rege ya Uingereza. Kuisikia yote ndiyo shida. Flashi nyingi za makanga zina ile ya dakika tatu, na hiyo ni nusu ya habari. Mimi kazi yangu ni kupiga rege kwenye baa, harusi na sherehe za mtaani, Bondeni hadi Free Area, na kila mara kuna mtu anayesogea kwenye meza yangu kuuliza: "Mkubwa, mbona yako ni ndefu hivi?"

Si ndefu. Yake ndiyo fupi.

Mwenye wimbo ni Neil Diamond wa Marekani, aliyeutunga na kuurekodi mwaka 1967. Ule wake unaenda polepole, una majonzi: mwanamume ameachwa, anakunywa mvinyo ili asahau, na kusahau kunamkatalia. Mwaka 1969 Tony Tribe, kijana wa Jamaika, akautia mwendo wa rege ya siku hizo. Uingereza ulifika nambari 46 tu, lakini katika mitaa ya Birmingham iliyojaa Wajamaika ukapata wenyewe. Vijana waliokuja kuunda UB40 walikulia huko. Walimjua Tribe, Diamond hawakumjua kabisa. Astro, mghani wa bendi, alisimulia kwamba walipoona "N. Diamond" kwenye jina la mtunzi, wakadhani ni Mjamaika anayeitwa Negus Diamond. Negus! Cheo cha kifalme cha Uhabeshi, na kwa Rasta hakuna jina tamu kuliko hilo.

Kwa hiyo walipoutoa Agosti 1983, wao hawakuwa wanageuza wimbo wa Kimarekani. Walikuwa wanarudia rege ya utoto wao. Albamu yenyewe, Labour of Love, ni nyimbo za watu wengine tupu: kuna wa Jimmy Cliff, kuna wa Eric Donaldson, kuna wa Melodians. Red Red Wine ikakaa kileleni Uingereza wiki tatu.

Wana-rutsi, wale wa rege ya asili (roots), walinuna. Na wana hoja. Bendi iliyojiita kwa jina la fomu ya serikali ya kuombea msaada wa wasio na kazi, iliyotoa One in Ten mwaka 1981 kuhusu watu hao hao, sasa inabembeleza glasi ya mvinyo? Hapa Nakuru bado kuna wazee wa rutsi ambao ukiwapigia UB40 wanakunja mikono, wanaangalia ukuta mpaka uweke Burning Spear. Mimi nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Rege ya mapenzi haikuletwa na Waingereza. Jamaika ilikuwa ikilia kwa ajili ya wanawake tangu enzi za rocksteady, kabla hata neno rege halijashika.

Hebu sasa turudi kwenye zile dakika mbili. Kwenye albamu wimbo unapita dakika tano. Ali Campbell, mwimbaji wa UB40, anaimba habari ya yule mwanamume aliyeachwa, anaimaliza. Kisha Astro anaingia, haimbi, anaghani. Hii ni kazi ya madijei wa Jamaika, wale wa kushika maikrofoni na kuongea juu ya mdundo uliobaki wazi, kazi ambayo U-Roy aliifikisha kileleni mwa chati za kwao mwaka 1970. Besi haibadiliki, gitaa linaendelea kukata pale pale, lakini mtu mwingine ameketi mezani. Wa kwanza anakunywa na kulia. Huyu wa pili anakunywa na kuusifu mvinyo, ulimi unateleza, anacheka. Majonzi yanakuwa sherehe bila nota moja kuhamishwa. Ukikata hapo, kama walivyokata kwa ajili ya redio, unabaki na mlevi mmoja mwenye huzuni.

Waingereza waliupenda hata hivyo, nakubali. Walishazoea rege kwenye chati zao. Marekani hawakuwa hivyo: mwanzoni mwa 1984 ule mfupi uliishia nambari 34 na kusahaulika. Tarehe 11 Juni 1988 UB40 wakapanda jukwaani Wembley kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, yeye mwenyewe akiwa bado gerezani. Baada ya hapo msimamizi wa vipindi katika redio moja ya Phoenix, Arizona, akaufufua hewani wimbo uliokwisha kuzikwa. Wasikilizaji wakautaka tena na tena, kampuni ya rekodi ikaukimbiza nchi nzima, na tarehe 15 Oktoba 1988 ukawa nambari moja Marekani. Safari hii Astro alikuwa ndani. Tamasha la Mandela lilisaidia, hilo siwezi kulipinga, lakini kwangu mimi aliyevusha wimbo ni yule mghani. Hata Neil Diamond alianza kuupiga kwa mtindo wa rege kwenye matamasha yake.

Njoo Bondeni Jumamosi usiku uone. Ubeti wa pili wa Campbell watu wanaung'ata-ng'ata tu, maneno hawana. Astro akiingia, mtu mwenye jagi la bia ya keg, ambaye mvinyo hajawahi kuutia mdomoni, anaghani mstari kwa mstari. Nimeona pia wanapowekewa ule mfupi: vinywa vimeshafunguka, wimbo unaisha, na meza mbili tatu zinaendelea kughani bila muziki.

Kwa wenye flashi: angalia muda. Ukisoma dakika tatu, futa, tafuta wa albamu. Na kwenye matatu punguza besi kidogo. Sauti ya Astro inakaa katikati, na zile spika za chini ya viti zikifunguliwa zote zinammeza. Unasikia kiti kinatetemeka, maneno huyasikii.

Harusini ndiko kuna balaa. Emsii wananiomba niupige maarusi wakiingia ukumbini. Wimbo wa mtu aliyeachwa, jamani, kabla hata keki haijakatwa! Siku hizi sibishani nao. Nachukua ule mrefu, napeleka mbele mpaka Campbell amalize kulia, naanzia pale Astro anaposhika maikrofoni.