Barua ya komini iandikwe kabla ya mvua

Kazi yangu ni kufundisha kamati za mitaa hapa Lubumbashi, Kongo, namna ya kuzungumza na komini, yaani serikali ya sehemu ya mji. Kinachoniuma ni kuona watu wanachoka kwa kulalamika mahali pasipo na fedha. Mfereji umeziba Katuba, wanakwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa ndani ya komini. Shefu anawasikiliza, anasikitika pamoja nao, basi. Kartie haina bajeti yake. Katiba ya 2006 iliipa nguvu hiyo miji, komini, sekta na cheferi (eneo la chifu), na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza komini inavyoendeshwa: baraza la kuchaguliwa, bugumestri, yaani mkuu wa komini, na wasaidizi wake, bajeti ya kila mwaka. Washauri wa komini tuliwapigia kura tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na rais na wabunge. Wengi hawakumbuki walimchagua nani kwenye komini, na hilo ni hasara yetu.

Shefu aarifiwe, ndiyo, maana ndiye anayeijua avenyu. Lakini barua iende komini.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Nikikisoma mbele ya kamati, mara nyingi kunakuwa kimya kwanza, kisha mama mmoja anauliza, “Hata sisi wa sokoni?” Hata ninyi, mama. Zaidi ninyi, mnaolipa kodi ya meza kila siku.

Barua zenyewe ndizo zinazotuangusha. Nyingi zinaandikwa hivi: “Tunaomba serikali itusaidie kwa shida zetu nyingi.” Barua kama hiyo haina mahali pa kujibiwa. Andikeni: “Mfereji wa avenyu yetu umeziba kuanzia kwenye shule hadi kwenye daraja dogo. Maji yanaingia katika parseli (viwanja) hizi, namba zake ni hizi. Tunauliza: kazi ya kuuzibua imo katika bajeti ya komini ya mwaka huu? Kama haimo, tunaomba iingizwe katika ya mwaka ujao.” Toeni nakala mbili. Moja inabaki sekretarieti, nyingine inapigwa muhuri na kuandikwa tarehe, mnarudi nayo. Bila tarehe hiyo, miezi 3 mtaihesabu kuanzia wapi?

Wakati nao ni muhimu. Watu huandika Januari, maji yakiwa yamekwisha kuingia chumbani, na mwaka wa bajeti ndio umeanza. Mimi ninazihimiza kamati ziandike Julai au Agosti, vumbi likiwa bado limetanda, mipango ya mwaka ujao ikiwa bado inatayarishwa.

Kwa wanaoishi karibu na migodi, kama huko Ruashi, kuna swali jingine la kuuliza. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini yanayochimbwa, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, mji, sekta au cheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ulizeni hiyo 15 imeingia kiasi gani na imefanya nini. Mwenye kuuliza hivyo hatafuti ugomvi, anafuatilia fedha zake.

Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tunafanya, na ni jambo jema. Ila mtu anayeitwa kushika koleo aitwe pia siku ya kupanga fedha.

Na sahihi za barua: wapangaji nao watie. Katika mitaa mingi wenye parseli wanajiona ndio wakazi pekee, na mpangaji mwenyewe anarudi nyuma karatasi ikipita. Kifungu cha 27 hakiulizi hati ya parseli.