Oili ya sintetiki: tunayoambiana gereji na ukweli wake

"Gari kuukuu ukilitia sintetiki, litavuja." Hapa Arusha nasikia hili kuliko jingine lolote kuhusu oili ya sintetiki, ile iliyoundwa kwa kemia kiwandani, tofauti na ya kawaida inayosafishwa tu kutoka mafuta ghafi, na lina chembe ya ukweli. Sintetiki za miaka ya 1970 ziliweza kusinyaza sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Dosari hiyo ilisharekebishwa. Siku hizi kinachotokea ni kwamba gari limeendeshwa miaka mingi bila kumwagwa oili kwa wakati, sili imekauka, na tope limeziba ufa. Oili safi ikiliondoa lile tope, uvujaji unajitokeza. Sili ilishakufa kabla. Ibadilishwe kwanza.

"Sintetiki haimwagwi hadi mwaka uishe." Hapa ndipo injini za watu zinapofia. Ni kweli sintetiki hustahimili joto na huchelewa kuharibika, na kwenye injini yenye turbo ningeilipia bila kusita. Lakini haizuii vumbi. Land Cruiser inayopeleka wageni Ngorongoro kila wiki wakati wa kiangazi hula vumbi jingi, na filta ya hewa ikichoka vumbi hilo huingia ndani na kusaga ringi za pistoni. Masizi ya dizeli nayo hujikusanya ndani ya oili, iwe ya bei gani. Fuata kilomita za kitabu cha gari, na kama kina ratiba ya mazingira magumu, hiyo ndiyo yako.

Wengine huogopa oili ikiwa nyeusi. Ya dizeli huwa nyeusi mara tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu inabeba masizi. Rangi isikutishe.

"Ukichanganya na ya kawaida, injini inakufa." Hapana. Oili ikipungua ukiwa Makuyuni na dukani ipo ya kawaida tu, ongeza yenye namba ileile ya uzito, mfano 15W-40, na daraja la ubora linalofaa injini yako. Utapoteza sehemu ya ubora uliolipia, basi. Kuendesha ikiwa pungufu ndiko kunakoua.

Kuna wanaonunua 0W, oili nyepesi ya kuwashia injini kwenye baridi kali, wakidai asubuhi za Julai ni za baridi. Herufi W ni ya "winter", yaani majira ya baridi kama ya Ulaya na Marekani. Hata 15W huwasha injini kwenye nyuzi chini ya sifuri, baridi ambayo mjini kwetu haifiki. Kama kitabu hakitaki 0W, hiyo hela nunulia filta.

Vijana wa bodaboda wanaopanda Kibosho na abiria wawili wananiambia sintetiki inatelezesha klachi. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ya injini, hivyo oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano huitelezesha, hata ikiwa ya kawaida. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Sintetiki yenye alama hiyo haina tatizo.

Kwa wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu wenye injini za boti za kuchanganya oili na petroli: msitie oili ya pikipiki wala ya msumeno. Injini zenu hupozwa kwa maji na zinataka oili yenye alama ya TC-W3, isiyoacha majivu kwenye plagi na ringi. Ya kawaida yenye alama hiyo inatosha. Kipimo ni cha kitabu cha injini; kikisema 50 kwa 1, basi lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili, zipimwe kwa chombo chenye alama. Kukisia kwa kifuniko cha chupa kumeshakwamisha pistoni nyingi katikati ya bwawa.