Maelekezo ya wakala hayapimwi kwa kuyasoma

Juzi nimetumiwa tena faili la maelekezo ya wakala wa akili unde (programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi yenyewe), la kuunganisha mfumo wa mauzo na mfumo wa malipo. Chini yake kulikuwa na ujumbe: "Nimeyasoma mara tatu, yako wazi kabisa. Naomba uyapitishe tu." Ujumbe huo nimeupokea mara nyingi mno, kutoka kwa watu wengi tofauti, na safari hii naujibu kwa urefu.

Aliyeyasoma mara tatu ndiye aliyeyaandika, na mfumo anaujua. Akikuta "chukua ankara zote za mteja", kichwa chake kinajaza yasiyoandikwa: kwamba API (mlango ambao programu moja huutumia kuiomba nyingine data au kazi) hugawa majibu kwa kurasa, kwamba ankara zilizobatilishwa hurudi pamoja na zilizo hai, kwamba namba ya mteja inayoonekana kwenye skrini siyo ile ambayo API inaitaka. Wakala hana hayo. Ana maandishi, ana maelezo ya zana alizopewa, na ana yale ambayo modeli ilijifunza, ambayo huenda ni ya toleo la zamani la API hiyohiyo. Uwazi anaouona mwandishi umo kichwani mwake.

Tuchukue hizo kurasa. Ukiiomba API ya GitHub, hifadhi ya msimbo, orodha bila kutaja idadi, kwa kawaida hurudisha vitu 30, na ukiomba zaidi kikomo huwa 100 kwa ukurasa. Stripe, huduma ya malipo, hurudisha 10. Wakala aliyeambiwa ahesabu vitu vyote akaletewa 30 anaweza kabisa kujibu kwamba viko 30, kwa lugha safi, na kwenye logi kusiwe na kosa lolote. Makosa yanayopiga kelele hayanisumbui. Ukikosea ufunguo utapata namba ya kosa 401, ukikosea anwani utapata 404, na mtu atashtuka. Ninayoyaogopa ni makosa yanayofanana na mafanikio. API ya Slack, programu ya ujumbe wa kikazi, kwa mfano, inaweza kulikataa ombi lako huku namba ya hali ikiwa 200, ile ya mafanikio. Habari ya kukataliwa imo ndani ya jibu, kwenye "ok": false. Maelekezo yasiposema itazamwe sehemu hiyo, wakala anaweza kutangaza kwamba ujumbe umetumwa. Kwenye Stripe kiasi huandikwa kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu: 1000 ni dola 10, lakini kwa yen, ambayo haina senti, 1000 ni yen 1000. Hayo yote ni sentensi moja moja. Mafaili mengi ninayoletewa hayana sentensi hizo, ila yana aya nzima inayomwambia wakala kwamba yeye ni mtaalamu mahiri mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Kusoma data ni upande mwepesi. Uzito uko kwenye kuandika, na hapa nitakaa kidogo.

Wakala ametuma POST, yaani ombi la kuandika, ya kutengeneza ankara, na muunganisho umekatika kabla ya jibu kurudi. Je, ankara ipo au haipo? Hakuna anayejua mpaka aulize. Maelekezo mengi husema "ombi likishindikana, jaribu tena hadi mara tatu", na msomaji hukubali kwa kichwa, kwa sababu ni ushauri mzuri kwa GET, ombi la kusoma tu. Kwa POST ni ushauri wa kumtoza mteja mara mbili. Niliwahi kupitisha faili lenye mstari huo. Nililisoma, nikaliona zuri, na ankara zikazaliwa pacha. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo sipitishi faili linalotumia neno "kushindikana" kana kwamba lina maana moja. Ukipata 429, yaani umeomba mara nyingi mno, subiri muda uliotajwa kwenye sehemu ya jibu iitwayo Retry-After kisha rudia. Ukipata 400, yaani ombi lenyewe lina kasoro, usirudie, rekebisha ombi. Jibu lisipofika kabisa, rudia kwa ufunguo uleule wa kuzuia marudio kama API inao, na kama haina, tafuta kwanza kwa namba ya kumbukumbu uone kama kitu kimeshatengenezwa. Hali tatu, hatua tatu, na wakala anahitaji kuzitofautisha bila kukisia.

Sasa namna ya kupima. Weka kazi halisi kwenye mazingira ya majaribio, mwache wakala afanye, kisha nenda kakague mfumo wenyewe: rekodi ngapi zimeongezeka, zina thamani gani, zipi zimeguswa ambazo hazikupaswa kuguswa. Usikague maelezo yake ya mwisho, kwa kuwa hayo ni maandishi tu kama mengine. Kisha rudia. Wakala anayefaulu mara 9 kati ya 10 ana uwezekano wa asilimia 43 tu wa kufaulu mara 8 mfululizo. Hata majaribio 20 yasiyo na dosari hayatoshi kutuliza moyo: kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha makosa bado kinaweza kufika karibu asilimia 14. Mtu akiniambia "nimejaribu, imefanya kazi", namuuliza mara ngapi, na mara nyingi jibu ni moja.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kufuta. Ondoa mstari mmoja, endesha majaribio yaleyale. Matokeo yasipobadilika, huenda mstari huo haufanyi kazi yoyote ila kula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma) na kuificha mistari inayofanya kazi. Kwa njia hii nimeona mafaili marefu yakipungua sana bila kupoteza kitu. Nimeona pia kwamba LAZIMA na KAMWE zilizotapakaa kwa herufi kubwa huharibu: wakala huanza kuomba kibali hata cha kusoma orodha. Sababu fupi husaidia zaidi. "Usifute rekodi, kwa kuwa hazirejesheki" humpa wakala cha kutumia hata kwenye hali ambayo hukuiwazia.

Lakini kipimo hicho kina tundu, na sijalipatia dawa. Mstari unaokataza kufuta rekodi nikiuondoa, majaribio yangu hupita vilevile, kwa sababu tukio ambalo mstari huo unalikinga ni nadra na halimo kwenye majaribio. Nauacha, lakini kwa hofu, na hofu si kipimo. Sina kanuni ya kutenganisha mstari uliokufa na mlinzi aliyesimama kimya. Modeli ikibadilishwa, matokeo yangu yote ya jana huwa dhana mpaka niyaendeshe upya. Na pale ambapo hakuna rekodi ya kukagua, kama ubora wa muhtasari, natumia modeli nyingine iwe hakimu nikijua kwamba mahakimu wa aina hiyo hupendelea majibu marefu.

Lile faili la juzi sikulirudisha na maoni juu ya lugha yake. Nilimwomba mwenyewe atengeneze kwenye mazingira ya majaribio mteja mwenye ankara 11, kwa kuwa API yao hurudisha 10 kwa ukurasa, kisha amwombe wakala jumla ya deni, mara nane. Jioni aliniandikia kwamba mara tano kati ya nane jumla ilikuwa ya ankara 10. Ameongeza mstari mmoja kuhusu kurasa, sasa ni sahihi mara saba kati ya nane, na tunaipitia logi ya ile moja iliyobaki.