Kwa nini mkulima asiye na mtumwa aliupigania utumwa?

Mwaka 1860 Kusini mwa Marekani kulikuwa na watumwa karibu milioni 4, lakini takriban familia tatu kati ya nne za wazungu hazikuwa na mtumwa hata mmoja. Na kati ya waliokuwa nao, nusu hivi hawakufikisha watano. Bwana mkubwa, yaani mwenye watumwa 20 na zaidi, hakuonekana kila kijiji.

Waliobaki wengi walikuwa wakulima wadogo: mahindi ya chakula, nguruwe wa kujilisha wenyewe porini, na kipande cha pamba cha kupatia fedha. Jembe walishika wao na watoto wao. Basi iliwahusu nini mali ya jirani?

Wengi hujibu kwamba ni ubaguzi wa rangi, na hawakosei. Mzungu fukara alijua kwamba hata akilala njaa, hapandishwi mnadani. Ila kulikuwa na jambo lililogusa tumbo zaidi: kinu. Pamba haiendi sokoni na mbegu zake, na kinu cha kuichambua mara nyingi kilikuwa kwa bwana mkubwa. Kwake huyohuyo mkulima alikopa, alikodi mtumwa wakati wa mavuno, aliuza mahindi yaliyozidi. Pengine bwana mwenyewe alikuwa binamu yake. Usiku, zamu ya doria ya kusaka watumwa watoro ilimwangukia hata asiye na mtumwa. Na moyoni alitumaini kwamba siku moja naye atanunua wake, ingawa bei ya kijana wa shamba ilikuwa imepita dola 1,000.

Si wote waliokubali. Mwaka 1857 Hinton Rowan Helper wa North Carolina aliandika kwamba utumwa unamfukarisha mzungu maskini, na mabwana wakakipiga vita kitabu chake. (Msimdhanie rafiki wa watu weusi, aliwachukia vilevile.)

Ufa ulionekana Oktoba 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kusini iliyojitenga na Kaskazini vikiwa vimepamba moto. Serikali ya Kusini ilipitisha sheria ya kumwacha nyumbani, asiende vitani, mzungu mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20. Askari wakanung'unika: vita vya tajiri, kufa kwa maskini. Huko Mississippi, Newton Knight, mkulima asiye na mtumwa, alitoroka jeshi akajificha vinamasini na wenzake. Miongoni mwa waliowapelekea chakula alikuwamo Rachel, mwanamke mtumwa.