Bomba kuganda: maana yake, na namna ya kuishi na maji ndani ya gari-nyumba kwenye baridi kali

Ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba maji hayatoki, atakuuliza kama ni mgao au kuna bomba limepasuka njiani. Hatakuuliza kama yameganda. Hata usiku wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini na watu wa Shangani wakavaa masweta, joto letu hubaki kama nyuzi 19 au 20. Sakitu tunaisikia kwa wenzetu waliokulia Makete, kule karibu na Kitulo, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huamka meupe.

Mimi ni fundi bomba, na kwa miaka yangu yote ya kazi mjini hapa sikuwahi kuliwaza jambo hili mpaka mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Alberta, Kanada. Yuko kwenye kazi za ujenzi zinazohama, na analala kwenye trela ambayo anaivuta kutoka kambi hadi kambi.

"Shikamoo mjomba. Pampu inanguruma, koki haitoi kitu."

"Marahaba. Tangi lina maji?"

"Limejaa mjomba. Ila nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri."

Nilimwambia azime pampu kwanza, afungue koki zote, halafu anipe muda. Siku zilizofuata nilisoma, nikauliza mafundi wenzangu walioko nchi za baridi, nikampigia tena na tena. Naandika niliyoyaelewa kwa sababu vijana wetu wengi wanakwenda huko kazini, na mtu aliyezaliwa pwani hana kumbukumbu ya jambo hili mwilini mwake.

Gari-nyumba, au karavani kama wengi wanavyoiita, ni gari au trela yenye vitanda, jiko, choo na bafu. Maji yake inayabeba yenyewe. Kuna tangi la maji safi, pampu ndogo ya volti 12 inayokula umeme wa betri, boila, na mabomba membamba yanayopita nyuma ya makabati na chini ya sakafu. Uvunguni kuna matangi mawili ya majitaka, moja la sinki na bafu, jingine la choo. Fundi yeyote wa hapa akiuona mfumo huu atautambua mara moja, maana ni nyumba ile ile iliyobanwa. Kilicho tofauti ni kwamba nyumba ya kawaida kule mabomba yake huzikwa chini sana ardhini, chini ya udongo unaoganda, na haya yananing'inia hewani juu ya magurudumu.

Bomba kuganda maana yake ni maji yaliyotulia ndani ya bomba kupoa hadi nyuzi sifuri na kugeuka barafu mpaka njia ikaziba. Hapo maji hayapiti, na kama ingekuwa hilo tu, mtu angesubiri jua litoke. Hasara iko kwingine. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, yaani lita 100 za maji hudai nafasi ya lita 109 hivi. Jirani yangu wa Magomeni anayegandisha maji kwenye chupa za plastiki kwa ajili ya wavuvi analijua hili kwa mkono. Anajaza chupa mpaka begani, anaacha vidole viwili vitupu, anaibonyeza kidogo ndipo anafunga kizibo. Asubuhi chupa imenyooka, imekaza, kitako kimetoka nje kiasi kwamba haisimami mezani. Aliwahi kusahau soda ya chupa ya kioo humo humo, akaikuta imepasuka na vipande vyake vimeshikana na barafu. Kioo kile kilipasuka kwa sababu barafu ilikosa pa kwenda.

Kwenye bomba mambo yanakwenda kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikuitegemea. Nilidhani bomba hupasuka pale pale barafu ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huanza sehemu moja yenye baridi zaidi, tuseme kwenye kona iliyo karibu na ukuta wa nje, kisha hukua kwa urefu ndani ya bomba na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea kwenye koki. Koki imefungwa. Maji hayabonyei. Shinikizo linapanda pale katikati, kati ya barafu na koki, mpaka kitu dhaifu kuliko vyote kinaachia: elbo ya plastiki, kiungio, kikombe cha chujio, kichwa cha pampu, vali ya choo. Unaweza kukuta ufa hatua mbili mbali na barafu, mahali ambapo hapakuganda kabisa. Ndiyo sababu nilimwambia mpwa wangu afungue koki, ingawa siku ile nilisema kwa mazoea ya kazi kabla sijajua sababu yake. Koki ikiwa wazi, maji yanayosukumwa yana mlango wa kutokea.

Mabomba ya plastiki laini yanayotumika kwenye trela nyingi za siku hizi huvumilia kutanuka kidogo. Viungio vyake havivumilii.

Sasa, mtu anayesafiri na kulala humo afanyeje? Kila ushauri niliousikia unarudi kwenye swali moja: maji yako wapi, na hapo yalipo kuna joto au hakuna? Mpwa wangu alikuwa na hita ya umeme ndogo ya sakafuni. Chumba kilikuwa na joto zuri, yeye amekaa na fulana, na bado mabomba yakaganda. Sababu ni hii. Trela nyingi zina hita kubwa ya gesi ambayo hupuliza hewa ya moto kwenye njia zilizo chini ya sakafu, na baadhi ya hewa hiyo hupita uvunguni kwenye matangi na mabomba. Ukiwasha ile hita ndogo ya umeme, kipima joto cha chumbani kinaona joto limetosha na hita ya gesi haiwaki. Binadamu anapata joto, uvungu unaganda. Kwa hiyo usiku wa baridi kali hita ya gesi ndiyo ifanye kazi, hata kama gesi ni ghali, na milango ya makabati ya chini ya sinki iachwe wazi ili hewa ya chumbani iyafikie mabomba ya nyuma.

Kuhusu gesi kuna jambo ambalo mtu wa huku hawezi kulikisia. Mitungi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na sifuri, hivyo mtungi unaweza kuwa mzito na jiko lisiwake. Propani inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kule kwenye baridi kali wanatumia propani. Na nimemsisitizia mpwa wangu kama ninavyomsisitizia yeyote anayesoma: usiingize jiko la mkaa ndani kutafuta joto, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Kifaa cha kupiga kelele hewa hiyo ikizidi kiwekwe karibu na kitanda na kijaribiwe.

Mpira wa maji unaounganishwa na koki ya kambini huganda kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa umelala chini kwenye theluji. Wapo wanaonunua mpira wenye waya wa kupasha joto ndani yake, na unafanya kazi mradi umeme usikatike. Njia rahisi zaidi ni kujaza tangi la ndani mchana, kuufungua mpira, kuumwaga maji yote, kuukunja na kuuweka ndani, kisha kutumia pampu. Akikaa kambi moja kwa wiki kadhaa, mpwa wangu huzungushia uvungu maturubai na mbao za povu mpaka chini ili upepo usipite. Upepo haulipozi bomba kupita joto la hewa yenyewe, ila unaliharakisha mno kufika huko.

Kwenye majitaka mazoea ya nyumbani yanadanganya. Watu wa majumbani kwenye nchi za baridi huacha koki idondoke usiku kucha ili maji yasitulie. Kwenye gari-nyumba matone yale yanashuka kwenye tangi la majitaka, na kama umeacha vali ya kumwagia wazi, yanatiririka taratibu kwenye mpira wa majitaka, yanaganda tone juu ya tone, mpaka mpira wote unakuwa gogo la barafu. Basi vali ifungwe, tangi lijae kiasi, ndipo ulimwage kwa mkupuo mmoja, na mpira uondolewe hapo hapo.

Kuendesha ni hatari kuliko kulala. Trela ikiwa barabarani hita ya gesi kwa kawaida huzimwa kwa usalama, na upepo wa mwendo unapiga uvunguni saa baada ya saa. Mpwa wangu alipohama kuvuka milima ya Rocky kwenda British Columbia, nilimshauri alichokuwa ameshaambiwa na wenzake: asafiri mabomba yakiwa makavu, na maji ya kunywa na kunawa ayabebe kwenye madumu ndani ya gari anakokaa yeye. Alicheka kwa furaha. "Mjomba, kumbe narudi kwenye madumu kama Newala." Ndiyo. Watu wa uwanda wa Makonde wameishi na madumu muda mrefu, wanajua lita 20 zinaweza kufanya kazi ngapi zikipangwa.

Kukausha mabomba ndiko hasa kunakoitwa kuiandaa gari-nyumba kwa majira ya baridi, na inafaa uelewe mpangilio wake. Boila izimwe na ipoe kabisa kwanza, halafu koki ya maji moto ifunguliwe kutoa shinikizo, ndipo kizibo cha boila kitolewe. Anayekitoa ikiwa bado ya moto ataungua vibaya. Tangi la maji safi limwagwe, koki zote zifunguliwe, pamoja na ile ya bafu ya nje na mrija wa choo, ambazo watu husahau. Kisha upulize upepo kwa kompresa, paundi 30 hadi 50, kiasi kisichotofautiana sana na cha kujaza tairi la gari dogo, ukifungua koki moja moja mpaka itoe hewa tupu. Boila isiwashwe tena ikiwa haina maji. Ile ya umeme huunguza koili yake kwa muda mfupi.

Upepo hautoi kila tone. Ndani ya pampu na kwenye trapu, ile kona inayobaki na maji chini ya sinki kuzuia harufu, huingizwa dawa ya rangi ya waridi ambayo haigandi kirahisi. Dawa hii imetengenezwa kwa propileni glaikoli na inaruhusiwa kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya rejeta ya gari, yenye ethileni glaikoli, ni sumu na haitakiwi kukaribia mfumo huu hata kwa bahati mbaya. Boila huzungukwa kwa vali zake za pembeni, zinazopitisha dawa kando yake bila kuingia ndani, ili dawa isipotee kuijaza. Na mabomba yawe yamemwagwa kwanza, maana maji yaliyobaki yanaizimua dawa nayo ikaganda.

Ikiwa bomba limeshaganda, liyeyushwe polepole kwa kikaushia nywele au kwa kupasha chumba joto, kuanzia upande wa koki kurudi kwenye barafu, koki ikiwa wazi. Moto wa wazi usitumike. Ukuta wa trela ni mbao nyembamba na povu. Na pampu isiachwe imewashwa ukaenda kulala, kwa sababu barafu ndiyo inayouziba ufa. Bomba lililopasuka halivuji likiwa limeganda. Linavuja likiyeyuka.

Mpwa wangu usiku ule alikaa na tochi na karatasi za chooni. Kila barafu ilipolegea mahali, alipangusa kiungio na kuitazama karatasi. Elbo ya chini ya sinki ilikuwa kavu. Ya bafu kavu. Kwenye kikombe cha chujio, karatasi ilitoka na mstari wa unyevu mwembamba kama unywele.

"Mjomba, nimeupata."

"Funga tangi. Kesho utanunua kikombe kingine."