Ubongo hausikii "usi-"? Si kweli

Juzi mzazi mmoja alinijia na daftari. Alikuwa ameandika ukurasa mzima wa maneno aliyojikataza: usikimbie, usimpige mwenzako, usiguse. Ameambiwa kwamba ubongo hausikii "usi-", kwa hiyo ukimwambia mtoto "usimwage maji", anachosikia ni "mwaga maji". Nimelisikia dai hili kwa wazazi, walimu na makocha mpaka nimechoka.

Ubongo unaelewa ukanushi. Usingeuelewa, mtu akiambiwa na daktari "mfupa haujavunjika" angetoka pale analia.

Watu hunitajia lile jaribio la mwanasaikolojia Daniel Wegner la 1987, ambapo watu waliombwa wasimfikirie dubu mweupe, wakashindwa. Lakini waliombwa pia wapige kengele kila dubu anapowajia, nao wakawa wanaipiga. Wangejuaje kwamba wamekosea, kama hawakuelewa walichokatazwa? Kufukuza wazo ni kazi ngumu. Kuelewa sentensi ni kazi nyingine kabisa.

Kilicho kweli ni kwamba sentensi kanushi iliyotupwa bila muktadha huchelewa kidogo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Barbara Kaup na wenzake waliwapa watu sentensi za aina ya "mwavuli haukuwa wazi", kisha wakawaonyesha picha ya kitu wakitaje jina. Baada ya sekunde moja na nusu, walitaja upesi zaidi picha iliyolingana na hali halisi, yaani mwavuli uliofungwa. Baada ya robo tatu ya sekunde, faida hiyo ilikuwa bado haijaonekana. Ni ucheleweshaji wa kitambo kidogo, wala si uziwi. Na muktadha ukiwepo mzigo hupungua: mwanasaikolojia Peter Wason alionyesha mwaka 1965 kwamba ni rahisi zaidi kukanusha jambo ambalo msikilizaji angelitarajia. Mtoto aliyekwisha kuanza kukimbia kwenye ngazi ana muktadha wote anaouhitaji.

Basi kwa nini "usikimbie" hushindwa? Kwa sababu inamwambia aache nini, haimwambii afanye nini, na miguu yake iko mwendoni. Kwa hiyo nasisitiza kila siku: ongeza tendo. "Usikimbie, shika ukuta." Daftari la yule mzazi hatukulitupa, tulikaa tukaandika pembeni ya kila "usi-" kitu cha kufanya. Kwenye "usiguse" tulikwama kwa muda, mwisho tukaandika "mikono mgongoni, tazama kwa macho".

Madai mengine kuhusu ukanushi nayataja kwa kifupi.

"Kanusho mbili ni kukubali." Kwenye "hakuna asiyejua", sawa. Lakini anayekuambia "si kwamba sikupendi" hajasema anakupenda, na unalijua hilo.

"Mtoto akishasema hapana, ameuelewa ukanushi." Hapana ya kusukuma kijiko hutangulia. Ile ya kusema kwamba neno lako si la kweli huja baadaye, kwa hiyo usimshitaki mtoto wa mwaka mmoja kwa uongo.

"Anayejibu 'ndiyo' kwa swali la 'hujala?' hakuelewa swali." Ameelewa vizuri sana: anaafiki kwamba hajala. Anayetaka kuondoa utata aulize "umekula?"